Mgeni wa Mlango wa Uani

Kilichomtia Mwamvita shaka kabla ya lolote kilikuwa usafi. Nyumba imekaa bila mtu tangu kabla ya vita vya Mjerumani na Mwingereza, mabati yameliwa na kutu, madirisha hayana mbao, halafu ndani hamna hata utando mmoja wa buibui. Hamna mavi ya popo. Hamna nyumba ya dondora pembeni. Sakafu imefagiwa, tena si kufagiwa kwa kuliwahi jua, bali kufagiwa na mtu anayengoja wageni.

"Kuna mtu anakaa humu?" akamwuliza dalali.

Kitwana dalali alibaki nje, kivulini. Njia nzima kutoka Kongowe alikuwa akiisifu nyumba ile utadhani kaijenga yeye, lakini walipofika mlangoni miguu ikaanza kumwuma ghafla.

"Hakuna mtu, shemeji. Ni upepo wa huku. Unafagia."

Upepo unafagia. Haya. Mtu mzima na ndevu zake kasema hivyo, na watu wazima wawili, Mwamvita na mumewe, wakakubali. Ukikitaka kitu sana, masikio huziba yenyewe.

Na Mwamvita aliitaka nyumba. Alikuwa akikaa Mbwawa, katika ua wa mama mkwe wake, Bi Mwanahalima, na alikwisha kuzika watoto wawili ambao hakuna hata mmoja aliyewahi kusimama dede. Sasa alikuwa na mimba ya miezi saba. Bi Mwanahalima, akipepeta mpunga, alikuwa akisema kwa sauti ya kusikiwa na jirani, "Hili nalo tutalizika. Mwanangu atafute kwingine." Maneno kama hayo mwenye kuyasema huyasahau kabla ungo haujatua, mwenye kuambiwa huyala na kila tonge. Mwamvita alijiapia kwamba mtoto huyu atazaliwa mbali na ulimi ule.

Ndipo zikasikika habari za nyumba za kiwanda cha mpira. Bei ya mpira ilianguka, Mjerumani akaondoka, mitambo ikabebwa kipande kipande, na mwenye shamba wa sasa hakuwa na haja na nyumba zilizokuwa za wanyapara. Nyumba ya mawe na bati kwa bei ya banda la kuku. Hapo mtu angejiuliza. Wao walishukuru.

Kukagua nyumba kuna utaratibu wake kwetu: mwanamume hutazama juu, mwanamke hutazama chini. Isihaka, mumewe, akapanda kugonga boriti kwa mgongo wa panga, akisikiliza kama mchwa wameshaingia. Mwamvita akaenda kuonja maji ya kisima, akachungulia choo, akarudi jikoni. Alikuwa ameinama akibonyeza kizingiti cha mlango wa uani kwa kidole cha mguu, aone kama mbao imelainika, aliposikia mtu nyuma yake.

"Hodi."

Ilikuwa sauti ya chini, ya mtu mstaarabu, yenye uchovu kidogo.

"Karibu," akasema Mwamvita.

Sasa nani angefanya vingine? Binti wa Kizaramo aliyelelewa akaleleka, neno hilo humtoka kabla hajafikiri. Unabishiwa hodi, unaitika, hata kama nyumba si yako bado. Hapo ndipo alipokosea, na hakujua kama amekosea.

"Hodi hapa."

"Karibu, pita ndani," akasema, akageuka. Uani kulikuwa na jua la adhuhuri na majani yaliyomfika magotini. Hapakuwa na mtu. Kisha ikaja harufu ya kitu kilichochacha, kama maziwa ya juzi, na ndani yake moshi. Ikampita ubavuni taratibu, kama mtu apitaye mlango mwembamba akijihadhari asimguse mke wa mwenzake. Mtoto, aliyekuwa akicheza tumboni tangu asubuhi, akatulia kimya.

"Vipi huko chini?" Isihaka akauliza kutoka juu.

"Kuzuri," akasema Mwamvita. "Maji matamu."

Alijua kwamba akisema lingine nyumba itampotea. Isihaka akashuka, akampa Kitwana kila alichokichuma kwa biashara yake ya nazi. Kitwana, akiisha kupokea, akauliza kama kwa utani, "Hamkusikia kitu humo?"

"Tusikie nini?" akasema Mwamvita, akamkazia macho mpaka akageuka pembeni.

Wakarudi Mbwawa kungoja bati litengenezwe. Jioni ya kesho yake, maji ya kunawa yaligeuka meupe bakulini, na Bi Mwanahalima alipotoa vidole vikatoka vimeshikana kwa utomvu. Akamgombeza mkwewe kwa uchafu. Ugali wa muhogo ukaisha sahani ingali na mikono, na kila mtu akamtazama mwenzake kwa jicho la kuhesabiana matonge. Kesho yake wakati wa magharibi mtu alikohoa mlangoni, kikohozi kile cha mwanamume anayewapa wanawake nafasi ya kujisitiri. Wakajitanda kanga, wakangoja. Hakuingia mtu, ila ile harufu ya uchachu na moshi ilikaa kwenye mkeka wa barazani, na Mwamvita alipoukunja akaukuta una joto.

Baadaye ile sauti ya uani ikaanza kusema na Mwamvita. Ilisema naye peke yake, mchana, wengine wakiwa shamba.

"Umenikirimu, mwenyeji. Kabla yako hapana aliyenikirimu."

Na kila ilipokuja, mtoto alitulia. Mwanzoni kwa muda wa kukoka moto. Kisha kwa mchana mzima, naye Mwamvita anakaa ameshika tumbo kwa mikono miwili, anambembeleza kwa majina yote ya mapenzi anayoyajua, anambonyeza, anamwomba ampige teke hata la hasira, na kule ndani kuzito, kumetulia. Siku moja alikuwa akitwanga, na sauti ikaja karibu sana na sikio, kwa upole uleule.

"Huyo akizaliwa mtamlaza wapi? Mkeka wangu una nafasi."

Mchi ukamtoka mkononi. Jioni ile akamwambia Isihaka yote.

Isihaka akapandisha utambi wa taa, akamtazama. "Uliniambia kuzuri."

"Nilitaka nyumba."

"Na mimi nilitaka mtoto," akasema Isihaka, na hilo Mwamvita hakulisahau mpaka mwisho wa maisha yake.

Asubuhi Isihaka alimfuata Kitwana Kongowe, akamkamata kola ya kanzu mpaka maneno yakatoka. Zamani za Mjerumani vibarua walifungiwa ndani ya chumba walimokaushia mpira kwa moshi, wasije wakatoroka kazi. Siku moja moshi ukazidi. Wakabisha hodi milangoni mpaka sauti zikakauka, na waliokuwa nje wakaogopa mnyapara, hakuna aliyeitika.

"Mkeo angesema amesikia kitu, ningekurudishia fedha zako," akasema Kitwana.

"Uongo."

"Uongo, ndiyo," akakubali Kitwana, na fedha hakurudisha.

Wakaenda Vihingo, upande wa Kisarawe, kwa mganga aitwaye Bi Mwanaamina. Walimkuta akimenya muhogo, wakamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua uso, na aliwasikiliza mpaka mwisho bila kuweka kisu chini.

"Wafu hawarudi," akasema. "Wale maskini wamepumzika, Mungu awarehemu. Lakini siku ile kulikuwa na kitu ukutani kikisikiliza. Hicho ndicho kilichojifunza hodi yao. Ni jini."

"Basi mtoe, mama," akasema Isihaka.

"Aliyejiingiza mwenyewe namtoa, kwa ubani na maneno makali. Huyu kakaribishwa. Mgeni uliyemkaribisha hafukuzwi, mwanangu, husindikizwa. Mkeo amrudishe kwake kwa miguu yake, peke yake, amuage kwa kinywa chake. Na tangu hapo asiitike hodi ambayo mwenye kuibisha hamwoni, hata abishiwe na nani. Wala yeye, wala wewe."

Alasiri ya siku ya pili Mwamvita akatoka. "Twende, mgeni, nikusindikize," akasema, akashika njia, tumbo mbele, na nyuma yake zikaanza nyayo, hazimkaribii wala hazibaki nyuma, zikisimama anaposimama kuvuta pumzi, zikianza anapoanza, na ile harufu ikimjia kila upepo ulipogeuka, naye anasoma kila alichofundishwa chuoni na ulimi umekauka anachanganya aya na aya, anataka kukimbia na tumbo halimruhusu, anataka kulia na anaogopa kwamba akilia ataulizwa kwa upole analia nini, mpaka mabati yenye kutu yakaonekana na mlango wa uani ukawa wazi mbele yake.

"Nimekufikisha," akasema. "Kwaheri."

"Kwaheri, mwenyeji. Mungu akulipe."

Harufu ikaondoka. Mtoto akarusha teke, kisha jingine, la nguvu, la kuumiza, na Mwamvita akacheka na kulia pamoja, akageuka kurudi kwa mumewe akiwa na nuru usoni kama bibi arusi.

Alikuwa amefika kwenye mashamba ya mihogo alipozisikia tena zile nyayo.

"Si adabu kukuacha urudi peke yako," ikasema sauti. "Na mimi nikusindikize kidogo."

Ndivyo tulivyo, na nani asiyejua? Nakusindikiza, nawe unanisindikiza, mpaka jua linatuchwea sote njiani. Bi Mwanaamina alijua mambo mengi ya majini, lakini hili la adabu lilimpita. Mwamvita hakujibu. Alitia pindo la kanga mdomoni, akaliuma, akaenda hivyo mpaka nyumbani, na nyayo zikasimama nje ya ua, kwa heshima zake zote.

"Hodi."

Hakuitika. Isihaka hakuitika. Wakamweleza Bi Mwanahalima yote usiku uleule, wakitegemea matusi, na ajabu, bibi yule mwenye ulimi hakutukana. Alilitazama tumbo lile, akafunga mdomo wake. Mtoto akazaliwa hai, mwanamume, ana sauti ya kusumbua mtaa mzima, wakamwita Saburi. Bi Mwanahalima alimpakata akalia hadharani, akamwomba mkwewe radhi kwa yale ya ungo. Kwa muda ule mfupi Mwamvita alipata kila alichokuwa amekitaka, na alikipata palepale alipopakimbia.

Lakini hodi ikaendelea, asubuhi, mchana, jioni, na wao kimya. Wageni wa kweli walisimama nje wakabisha, wakangoja mtu aje kwanza kuchungulia kama mwizi, wakaudhika, wakaenda zao. Nyumba isiyoitika hodi watu huitoa katika hesabu ya walio hai. Hilo wangelivumilia. Ila mwenyewe unaweza kufunga kinywa chako, na vinywa vya kijiji kizima utavifunga kwa kitu gani? Mgeni aliponyimwa hapa akaenda ua wa pili. Pale alikaa Mwanamvua, naye ananyonyesha. Akabishiwa hodi mchana kweupe, akaitika.

Mtoto wa Mwanamvua alikuwa mzima. Walimzika kabla ya Ijumaa, na nguo zake zilinuka moshi mpaka wakazichoma.

Wiki iliyofuata alikufa mwingine, nyumba ya nyuma.

Wazee wakaja kwa Isihaka. Walisimama nje wakapiga makofi, kwa maana hodi sasa waliiogopa hata wao. Mmoja wao, baba yake Mwanamvua, ndiye aliyesema, na alisema taratibu, bila ugomvi, akitazama chini.

"Hatuwafukuzi, mwanetu. Tunawasikitikia. Lakini ninyi mna nyumba yenu."

Isihaka akaanza kuukunja mkeka wa barazani. Walikuwa na nyumba yao kweli. Kila walichokuwa nacho duniani kilikuwa ndani ya nyumba ile, na hapakuwa na kijiji kingine cha kwenda ambacho watu wake hawaitiki hodi.

Wakafunga vyombo. Bi Mwanahalima aliwafuata mpaka mwisho wa mihogo, analia, anaomba aachiwe walau mtoto, na Mwamvita akamwambia, "Rudi, mama. Ukiendelea kutusindikiza, itabidi nasi tukusindikize kurudi." Akarudi.

Walifika jua likiwa kali. Bati jipya liling'aa upande mmoja wa paa. Hapakuwa na mtu mwingine, wala nyayo, wala harufu. Mbele ya mlango palikuwa pamefagiwa, na mistari ya ufagio ilikuwa bado haijakanyagwa. Isihaka akatua mzigo. Hawakubisha hodi, mtu habishi hodi kwake. Wakasimama tu, mtoto analia njaa mgongoni mwa mamaye, na Mwamvita akatazama njia waliyotoka, akaona haina cha kumrudisha.

"Karibuni," ikasema sauti kutoka ndani, kwa upole. "Piteni, mtoto asiungue na jua."

Isihaka akamtazama mkewe. Mwamvita alikuwa amechoka.

"Starehe," akasema, kama mgeni anavyoitikia karibu, akavua viatu, akaingia na mtoto.