Dirisha la Fundi Cherehani

"Jana niliwaambia dirisha langu limeibwa," mjane alisema, akiweka mkoba wake juu ya kaunta ya kituo cha polisi. "Leo nimerudi, maana askari wenu wamekwenda kunipimia ukuta."

Koplo wa zamu alikohoa. Kwenye kitabu cha taarifa alikuwa ameandika kwa hati nzuri: Dirisha limeibwa. Kisha akatuma askari wawili wakawaulize majirani kama walisikia msumeno. Kabla ya magharibi mtaa mzima ulijua kuwa mjane fundi cherehani kang'olewa dirisha na vyuma vyake. Jirani mmoja alimletea ubao na misumari.

"Dirisha la wapi, mama?" aliuliza Inspekta, mwanamke mfupi ambaye askari walimwita Msumari, kwa sababu akishaingia hatoki.

"La laptopu."

Koplo aliangua kicheko. "Afande, sasa tutapeleleza na redio zilizokosa sauti?"

"Cheka, baba," mjane alimwambia. "Ukimaliza, uniandikie kesi."

Binti yake, aliyesimama nyuma yake na macho mekundu, ndiye aliyeeleza. Alikuwa amepata nafasi katika chuo cha uuguzi. Jana alipata ujumbe kwenye simu: Tumepokea uamuzi wako wa kukataa nafasi. Yeye hakukataa kitu. Alipofungua laptopu ya mama yake aangalie, alama ya intaneti iliwaka, lakini dirisha lake halikutokea. Walipiga simu chuoni. Wakajibiwa kwamba aliyekataa aliingia kwa jina lake na nywila yake. Alete uthibitisho wa polisi kabla ya leo Ijumaa saa kumi jioni, la sivyo ataitwa mwingine wa orodha ya akiba.

Inspekta alitazama saa ya ukutani. Saa tatu na nusu asubuhi.

"Leteni hiyo laptopu."

Alisogeza mshale hadi kwenye alama ya intaneti, chini ya kioo. Picha ndogo ikachungulia, kama mtoto nyuma ya pazia.

"Dirisha lenu lipo. Limesukumwa nje ya kioo." Akabonyeza vitufe viwili, akachagua neno la kusogeza, akashikilia kitufe cha mshale wa kulia. Polepole dirisha likaingia likitokea kushoto, hadi likaenea kioo kizima.

"Haa!" Koplo alisogea. Sasa hakucheka.

"Kivinjari hukumbuka kilipokaa mara ya mwisho," Inspekta alisema. "Mtu aliunganisha laptopu hii na skrini ya pili, iliyokaa kushoto, akaliburuta dirisha huko. Alipochomoa waya, dirisha likabaki kwenye skrini ambayo haipo tena."

Ukurasa wa chuo ulikuwa bado wazi. Herufi zake zilikuwa kubwa kama za namba ya gari.

"Nani kwenu husoma kwa herufi kubwa hivi?"

"Si mimi," mjane alisema. "Mimi hutunga uzi sindanoni bila miwani."

Inspekta alifungua kumbukumbu za kivinjari. Nafasi ilikataliwa Jumatano, saa nane na dakika kumi na nne mchana.

"Jumatano laptopu ilikuwa kwa nani?"

"Asubuhi kwa fundi wa kompyuta, tunamwita Waya, aliyebadilisha feni. Kisha shemeji yangu, ndugu wa marehemu mume wangu, akaipitia kwa Waya, akaenda nayo ofisini kwake kuichaji. Kwetu umeme ulikuwa umekatika. Akairudisha jioni."

"Na nywila aliijua nani?"

Mjane aliinamisha kichwa kwa mara ya kwanza. "Imo humohumo. Kila ikiuliza nihifadhi nywila, nabonyeza ndiyo ili isinisumbue."

Kina mama, mnasikia? Ndiyo moja ya kukwepa usumbufu, na mlango uko wazi.

Inspekta na mjane walimkuta Waya ameinamia meza, anafunga skurubu ndogo kama punje ya ulezi. Hakuwa na miwani.

"Nimekuja kwa ajili ya dirisha lililoibwa," Inspekta alisema.

"Nimesikia, afande. Jamani, walikata na msumeno gani? Vyuma vile vilikuwa vyuma vya kweli!"

"Laptopu ya mama huyu iliondoka kwako saa ngapi?"

"Saa sita. Shemeji yake aliichukua, hata feni haijapoa."

Skrini ya pili ya Waya ilikuwa kulia kwake. Kushoto kulikuwa na ukuta mtupu.

Shemeji alikuwa na ofisi ya kuchapa barua na kadi, safi, yenye zulia. Inspekta alimwacha mjane mlangoni akaingia peke yake. Mezani kulikuwa na kompyuta, na kushoto kwake skrini kubwa yenye waya unaoning'inia.

Inspekta alimpa kitambulisho chake. Shemeji alikishika mbali, mkono umenyooka, akakisoma kwa kukunja uso.

"Karibu, mama. Nikusaidie nini?"

"Nimekuja kuhusu dirisha la shemeji yako."

"Aa, hilo!" Alicheka. "Mwambieni azime, awashe tena. Laptopu kuukuu ile, madirisha yake hujificha."

Inspekta akavuta kiti, akaketi.

"Nani kakuambia ni dirisha la laptopu?"

"Si mtaa mzima unasema?"

"Mtaa mzima unapeleka mbao."

Shemeji alilegeza tai.

"Uliipokea laptopu saa ngapi?"

"Saa tisa."

"Waya anasema saa sita."

"Waya mlevi."

"Uliifungua?"

"Niliichaji tu. Sikuigusa."

"Basi fungua ukurasa wa chuo kwenye skrini yako hiyo ya kushoto, unisomee mstari wa kwanza. Usizikuze herufi."

Hakuinua mkono. Mlango ukafunguka, mjane akaingia, mkoba kifuani.

"Shemeji," alisema. "Tazama uso wangu. Ni wewe?"

Mwanamume alifumba macho.

"Ni mimi," alisema. "Nilitaka kuandika barua tu. Nikaona ukurasa uko wazi, nywila imejijaza yenyewe. Mwanangu ndiye wa kwanza kwenye orodha ya akiba. Nafasi moja tu! Tangu wakiwa wadogo, kila mtu ni mtoto wa kaka, mtoto wa kaka. Wa kwangu anasifiwa lini?"

"Kwa hiyo ukamzima wangu ili wako aonekane."

"Shemeji, tuyamalize nyumbani. Mambo ya nyumbani huzungumzwa nyumbani. Wazee wataitwa, nitaomba radhi..."

"Nyumbani ndiko ulikoniibia."

"Utalivunjia heshima kaburi la kaka yangu?"

"Kaburi la kaka yako halikubonyeza kitufe." Mjane alimgeukia Inspekta. "Afande, wapi natia sahihi? Wazee wakija, watanikuta nimeshaandika."

"Umefikiri vizuri?" Inspekta aliuliza. "Watakusema."

"Waseme. Miaka tisa nimewashonea nguo, vipimo vya midomo yao ninavyo."

Saa tisa na robo, barua ya polisi ilitumwa chuoni pamoja na nakala ya maungamo. Binti alikaa kwenye benchi la kituo, simu mapajani, hanywi hata maji. Saa kumi kasoro dakika sita simu iliita. Alisikiliza. Akasema, "Ndiyo, ni mimi. Ninaikubali." Kisha akamwegemea mama yake, akalia sana.

"Lia, mwanangu," mjane alisema. "Ila kesho unafuta nywila zote humo, na mimi nakaa pembeni nikitazama. Awe baba mdogo, awe malaika, laptopu yangu haitoki tena."

Koplo alivuta kitabu cha taarifa. Chini ya mstari wake wa jana akaandika: Dirisha limepatikana.

Inspekta alimnyang'anya kalamu, akaongeza: Mwizi aliingilia mlangoni, kwa ufunguo aliopewa.