Mashine Ilisema Panda

Mama Débora alilala kifudifudi kati ya viti vya safu ya nne. Kiatu kimoja kilikuwa mguuni, kingine kimerushwa nyuma kabisa ya ndege. Juu yake, dari ya plastiki ilikuwa imepasuka na damu imeganda kwenye ufa.

Daktari alivua glavu. "Shingo imevunjika, Inspekta. Hakuteseka."

"Usiniambie hakuteseka," Inspekta Pétronille akamkatiza. "Niambie namna gani mutu anakufa ndani ya ndege yenye haikuanguka."

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Ndege ilitoka Kisangani na abiria thelathini na mmoja. Dakika nane kabla ya kutua Bunia, ndani ya mawingu, nusura igongane na ndege ya mizigo iliyokuwa inapaa. Ikatumbukia chini ghafla. Mama Débora alikuwa amefungua mkanda ili afunge kitenge upya, maana mama mzima hashuki mbele ya watoto wake kitenge kikiwa kimelegea. Ndege ilipotumbukia, yeye alibaki juu.

Nje ya lango la uwanja, watu walikuwa wanapiga kelele. Walimtaka Emery, mwongoza ndege wa mnara, na si kwa kumpa mkono. Polisi walikuwa wamekwisha kumtupa kasho, selo ya hapo uwanjani. Mwendesha mashtaka naye alikuwa amepiga simu: saa kumi Emery apelekwe gereza kuu, faili lifungwe. Saa ilikuwa saba na nusu. Haraka ya nini? Pétronille alikuwa na miaka kumi na saba kazini, na bado haraka ya namna hiyo ilimpandisha damu kichwani.

Alimkuta Emery ameketi sakafuni mwa kasho, mdomo umevimba.

"Nani alikupiga?"

"Achana nayo, Mama. Nilikosea. Niliambia Komanda Rodrigue, rubani wa ndege ya Kisangani, ashuke, nikasahau ile ya mizigo haijapita."

"Kwa rada hukuiona?"

"Rada ya wapi? Hapa Bunia niko na karatasi, redio na masikio. Rubani ananiambia eko wapi, mi naandika."

"Ulijua saa gani kama kuna hatari?"

"Wakati rubani wa mizigo alipiga kelele. Alisema mashine yake imemupa amri ya kushuka, na eko anashuka. Kisha hapo mi nakatazwa kusema. Mashine ikiongea, mnara unanyamaza."

Pétronille akachuchumaa. "Nifasirie hiyo mashine."

"Iko ndani ya kila ndege kubwa. Ndege mbili zikikaribiana, mashine zinaongea zenyewe, zinapatana. Moja inaambia rubani wake apande, ingine inasema shuka. Rubani anatii palepale, hata kama mi nimesema kingine. Mashine iliwekwa juu ya siku kama hii, siku mutu wa mnara anakosea."

"Na ya mizigo iliambiwa ishuke. Basi ya Rodrigue?"

"Ilipaswa kusema panda." Emery akafuta damu mdomoni. "Lakini banasema ilikuwa imekufa."

Pétronille alisikiliza kanda ya mnara mara mbili. Kila neno la Emery lilikuwepo, kosa lake pia. Sauti ya rubani wa mizigo ilikuwepo. Kutoka kwa Rodrigue, kimya.

Rubani msaidizi wa Rodrigue, Camille, alikuwa ameketi peke yake kwenye chumba cha wasafiri, mikono ya sare imevutwa hadi vidoleni, na joto lote lile.

"Nionyeshe mkono wako, dada."

"Hapana kitu, Mama."

"Nionyeshe."

Kifundo cha mkono wa kulia kilikuwa cheusi, alama nne upande mmoja na moja upande wa pili. Vidole vya mtu mzima.

"Nani?"

Camille akatazama sakafu. "Komanda atasema. Mudogo hasemi mukubwa akiwepo."

"Sasa hayupo."

"Hata kama."

Loo! Heshima hii, Pétronille aliwaza, itatuzika wote. Akaagiza Rodrigue aletwe.

Komanda Rodrigue aliingia sare imepigwa pasi, miwani mfukoni, akaketi kabla ya kukaribishwa.

"Mashine yako?"

"Ilikufa tangu Kisangani. Fyuzi yake imeruka, fundi wenu ameiona. Ongea na Emery, yeye njo muuaji."

"Nieleze vile ilikuwa."

"Mnara unasema shuka, nashuka. Kumbe ile ya mizigo iko inapanda kwetu! Futi mia sita chini, kidogo kushoto. Nikasukuma usukani kwa nguvu, nikaikwepa. Nimeokoa batu thelathini, Mama. Ningepewa asante."

Pétronille aliandika polepole. "Futi mia sita. Kushoto. Una macho mazuri."

"Miaka ishirini na mbili ya kazi."

"Mawingu yalikuwa mengi?"

"Meupe pe! Hata bawa langu siliona. Njo maana tunategemea mnara, na mnara unatuua."

Kalamu ikasimama.

"Hata bawa hukuona. Lakini ndege ya mizigo uliiona, na futi zake ukahesabu."

Rodrigue akagusa miwani mfukoni.

"Emery hakukuambia. Hana rada, na kanda iko hapa. Nani alikuambia futi mia sita, kidogo kushoto?"

"Ni... kukadiria tu."

"Kukadiria nyoko!" Meza ilipigwa hadi kikombe kikaanguka. "Kioo cha mashine njo kinaonyesha hayo! Ilikuwa nzima. Fyuzi uliivuta mwenyewe, baada ya kutua. Ilisema nini?"

Pétronille akafungua mlango, akamwita Camille, akauinua ule mkono mweusi mbele ya macho ya Rodrigue.

"Ilisema nini, dada?"

Camille alimtazama mkubwa wake, na kitu kikamkatika ndani.

"Ilisema panda! Panda, panda! Usukani ulikuwa wangu. Nikavuta, tukaanza kupanda. Akanishika mukono, akanipokonya, akasukuma chini. Chini, Mama, kwenye ile ya mizigo ilikuwa inashuka! Kisha akaniambia nikisema nitafukuzwa kazi, nitauza ndizi."

"Nyamaza weye!" Rodrigue aliruka, askari akamrudisha kitini.

"Kwa nini?" Pétronille akauliza. "Kujua ulijua. Kwa nini?"

Rodrigue alipumua kwa pua. "Nilikuwa nimesema tunashuka. Nimesema! Yeye, masomo amemaliza juzi, anavuta usukani bila kuniomba ruhusa. Mlango wa chumba cha marubani ulikuwa wazi, abiria banaangalia. Batu bangesema nini, mutoto wa kike ananipangulia amri yangu?"

"Bangesema tumefika salama," Pétronille akamjibu. "Bote thelathini na mmoja."

Akamfunga pingu mwenyewe.

Saa kumi kasoro kumi alifungua kasho. "Emery, kosa lako utalijibu mbele ya wakubwa wako, na halitakuwa dogo. Lakini kuua si weye." Emery hakufurahi. Aliuliza jina la yule mama, akaambiwa, akalirudia taratibu.

Langoni alikuwa amesimama Claire, binti ya Mama Débora, tangu asubuhi. Watu walikuwa bado wanataja jina la Emery. Pétronille aliwapita, akamweleza Claire yote, hakupunguza neno.

Claire alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo yule dada alikuwa anamuokoa mama yangu."

"Ndiyo."

"Na mwanaume akakataa, juu yeye njo alikuwa amesema banashuka."

"Ndiyo, dada yangu."

Claire alielekeza kidole kwenye faili. Jalada lilikuwa limekwisha andikwa na karani: Ajali ya ndege.

"Futa hiyo."

Pétronille akaweka faili juu ya boneti ya gari la polisi, akafuta, akaandika upya mbele ya watu wote: Kuua. Kisha akamkabidhi Claire kalamu, naye akaandika chini yake jina la mama yake.