Kitufe cha Baadaye

Nyumbani kwangu hakuna intaneti, na simu yangu ni kitochi. Wanaonicheka wacheke tu. Nikitaka kutafuta kitu mtandaoni, ninakwenda maktaba, natafuta, naondoka.

Jioni ile nilikuwa na shida ndogo sana. Nilitaka kujua saa za kliniki ya watoto. Aili, binti yangu wa miaka sita, alikuwa amekohoa wiki nzima, na siropu ya dukani haikumsaidia kitu. Ilikuwa Desemba. Huku kwetu kando ya Ziwa Superior, kaskazini mwa Marekani, mwezi huo jua linazama watoto ndiyo kwanza wametoka shule. Tulifika mlangoni pa maktaba taa za barabarani zikiwaka, theluji ikituingia shingoni.

"Haya, wateja wangu wamefika!" alisema Bernadine, mkutubi. Mama mtu mzima, mnene, mwenye maneno mengi kuliko vitabu vyake. "Na wewe kibibi, kofia iko wapi?"

"Mfukoni," Aili akajibu.

"Mfukoni kuna masikio?"

Aili akacheka hadi akakohoa. Akakimbilia kona ya watoto, kwenye ile tableti ya kuchorea picha. Mimi nikakaa kwenye kompyuta ya mwisho, karibu na dirisha.

Sasa ngoja nieleze kwa nini ninaogopa mitandao, msije mkadhani ni ushamba.

Wade, marehemu mume wangu, alikuwa ameweka kidude ndani ya kompyuta yetu ya nyumbani. Kila nilichoandika, alikisoma akiwa kazini karakanani. Nikitafuta namna ya kuoka mkate, anajua. Nikitafuta dawa ya mgongo, anajua. Siku niliyotafuta basi la kwenda mji wa Marquette, alirudi, akakaa mezani, akala pasti yake, andazi la nyama, polepole hadi ikaisha, akafuta midomo.

"Kiiski," akasema. "Kwani unasafiri?"

Kiiski ni kisamaki chenye miiba, kwa Kifini cha babu zetu. Aliniita hivyo tukiwa wawili tu. Mbele za watu nilikuwa Loretta.

"Nenda popote," akaendelea, bila kupandisha sauti. "Lakini Aili ni wangu. Nitamfuata popote utakapomficha. Unanielewa? Utabaki?"

Sikumwambia hapana. Wade haambiwi hapana. Na huku kwetu hata mtu mwema hatumwambii hivyo. Jirani akikualika mahali usipotaka kwenda, unamjibu "tutaona" au "baadaye", naye anaelewa, maisha yanaendelea. Nikamwambia, "Tuzungumze baadaye, Wade." Akaridhika. Usiku huo sikupigwa.

Machi iliyofuata barafu ya ziwa ilipasuka ikammeza, yeye na pikipiki yake ya theluji. Wazamiaji walimtoa. Nilimwona kwa macho yangu. Nilimzika. Simu yake tu ndiyo haikupatikana. Nikahamia mji huu, ambako hakuna anayetujua, nikasema Mungu ni mkubwa, mwanangu sasa atalala bila hofu.

Basi, tuendelee. Bernadine alikuja akaniinamia begani, akafungua kivinjari.

"Hili ni dirisha la faragha," akasema, kama anavyonieleza kila nikija. "Ukilifunga, kompyuta inasahau kama uliwahi kuzaliwa. Na hapa juu pembeni, unaona kangao kadogo? Ni mlinzi. Anahesabu wanaokufuata mtandaoni, na anawafukuza."

"Wanifuate mimi wa nini, na ufukara huu?"

"Wakuuzie viatu, mwanangu. Wana shida gani nyingine?"

Akaondoka akicheka. Nikaandika herufi ya kwanza ya kliniki.

K.

Kile kisanduku cha kutafutia hupenda kukumalizia sentensi, mnakijua. Kikanimalizia.

*kiiski uko wapi*

Nikafuta. Nikasema moyoni, ni bahati mbaya, labda Mfini mwingine alikuwa hapa akitafuta habari za uvuvi. Nikaandika tena, K, L, I...

*kiiski uko wapi*

Nikatazama kangao. Siku zote nikisoma habari hapo, namba zinapanda kama homa, ishirini, thelathini, makampuni matupu. Safari hii palikuwa na mfuasi mmoja. Nikabofya kangao nione jina lake.

Hapakuwa na jina.

Ndipo harufu ikaja. Maji ya ziwa. Sufu iliyolowa. Na petroli kidogo... ile ya mikono ya Wade akirudi nyumbani. Ilikuwa ikitoka kwenye kibodi, chini ya vidole vyangu.

Katikati ya kioo pakafunguka kisanduku cheupe.

*Anayekufuata anaomba kujua ulipo.*

Chini yake vitufe viwili. *Kubali. Baadaye.*

Nilitafuta cha kukataa. Nilitafuta alama ya kufungia kwenye kila pembe. Havikuwepo.

"Bernadine," nikanong'ona. "Bernadine, njoo."

Akaja, akavaa miwani. "Umefungua tovuti gani?"

"Sijafungua kitu. Wallahi tena, sijafungua hata kimoja."

Akafunga dirisha la faragha. Kisanduku kikabaki. Akazima kivinjari chote. Kikabaki. Nikaona uso wake ukibadilika.

"Harufu gani hii?" akauliza taratibu.

Bernadine akapiga magoti chini ya meza, na unene wake wote, akang'oa waya ukutani. Kioo kikawa cheusi. Tukatazamana. Nikasikia maji yakidondoka mahali... tone... tone... nikajiambia ni theluji inayoyeyuka kwenye viatu vyetu.

"Mama!"

Ilikuwa sauti ya Aili, kutoka kona ya watoto.

"Mama, huku nako anauliza."

"Nani anauliza, mwanangu?"

"Baba."

"Ameandika?"

"Hapana," Aili akasema. "Amesema. Anasikia baridi. Anataka kujua tuko wapi."

Nilikimbia. Niliangusha kiti, nikajigonga kwenye rafu. Kwenye tableti ile picha ya kuchora ilikuwa imetoweka. Palikuwa na ramani. Ziwa lote, jeupe, na katikati yake, mahali ambapo hakuna barabara wala kisiwa, palikuwa na kitone kimoja cha buluu.

Kilikuwa kinatembea.

Kilisogea kidogo, kikasimama kama mtu anayenusa, kikasogea tena. Kuja ufukweni. Kuja upande wetu. Na juu ya ramani, vile vitufe viwili. Kidole cha mwanangu kilikuwa tayari juu ya *Kubali*. Watoto wa siku hizi hukibonyeza bila kufikiri, ili mchezo uendelee.

"Acha, Aili!"

Nikampokonya. Nikatafuta kitufe cha kuzimia pembeni, kitone kile kikizidi kusogea, sikioni mwangu mlio wa barafu inayopasuka. Nikaishiwa akili. Nikafanya nilichozoea kufanya maisha yangu yote.

Nikabonyeza *Baadaye*.

Kitone kikasimama. Ramani ikafutika. Picha ya kuchora ikarudi, sungura na karoti yake. Harufu ikaondoka kama mlango umefungwa. Nilikaa sakafuni nikamkumbatia mwanangu, nikalia bila aibu.

"Umebonyeza nini?" Bernadine aliuliza nyuma yangu.

"Baadaye."

Akaichukua tableti, akaigeuza kioo chini.

"Ungeivunja tu," akasema mwishoni. "Ungeitupa chini, Loretta, ningelipa mimi. Kujibu chochote ni kumwambia kwamba upo. Na ukisema baadaye, anarudi. Vitu hivi ndivyo vilivyo. Ukikubali mara moja, vinakumbuka milele. Usipokubali, kesho vinauliza upya."

"Lakini amekufa, Bernadine."

"Labda kuna mtu aliokota simu yake. Ndugu yake. Mtu anakuchezea."

"Simu ipo chini ya ziwa."

Bernadine alimvisha Aili kofia mwenyewe, akaifunga kidevuni, akatusindikiza hadi barabarani.

Kesho yake, kiza kikianza kuingia, nilikuwa nakoroga supu. Aili alikuwa anachora mezani. Harufu ikaja kwanza. Maji ya ziwa. Sufu iliyolowa. Kisha vibao vya kibarazani vikalia, kimoja... kingine... vikanyamaza mbele ya mlango.

Hakubisha. Wade akiwa hai aliupiga mlango teke. Sasa alisema kwa upole, kwa sauti yenye maji ndani yake:

"Kiiski. Niingie?"

Mwiko ukaniponyoka. Nikajikaza, nikalitoa lile neno ambalo sikuwahi kumwambia hata siku moja.

"Hapana."

Vibao vikalia vikirudi. Nilipofungua, asubuhi, ngazi zilikuwa na barafu ya kijani kama ya ziwani, na theluji uani haikuwa na unyayo hata mmoja.

Nilidhani nimeshinda. Jamani, nilicheka peke yangu pale ngazini kama kichaa. Jioni yake akarudi. "Kiiski. Niingie?" Sauti ileile, upole uleule, kana kwamba hajawahi kuniuliza. Nikasema hapana. Akarudi tena iliyofuata. Tulihamia kwa binamu yangu, milimani, mbali na ziwa. Akachelewa kidogo tu, kisha akatufikia huko pia, tukarudi nyumbani. Mchungaji alikuja akaomba, akanyunyiza maji, akaondoka amenuna kwa sababu hakusikia chochote. Hapana. Hapana. Ninaisema nikiwa jikoni, nikiwa chooni, nikiwa na homa. Yeye hachoki. Mimi ni mtu, nina mwili, nachoka.

Juzi nilichoka. Kikohozi cha Aili kilikuwa kimenikesha, na jioni ilipoingia usingizi ulinikamata kitini, nimekaa, sahani mapajani. Kilichoniamsha ni harufu.

Aili hakuwa mezani. Alikuwa ukumbini, peku, ameegemeza shavu kwenye mlango kama anayesikiliza hadithi. Ufa wa chini ulikuwa unaingiza maji, yamefika kwenye vidole vyake. Alikuwa ananong'ona. Na alikuwa amejifunza neno kwangu, ila si lile nililotaka ajifunze.

"Si sasa, baba," mwanangu alisema. "Baadaye. Mama akilala."

Upande wa pili wa mlango, kwa mara ya kwanza tangu aanze kuja, Wade alicheka.

Sijalala tangu juzi. Nimemfunga Aili kwangu kwa kitambaa, mkono kwa mkono, na ninayaeleza haya kwa sauti ili macho yasifumbe. Nje kiza kinaingia. Nisemesheni, tafadhali. Yeyote anayesikia, anisemeshe tu.