Tundu Lisilo na Waya

Jua lilikuwa limeshaanza kulegea Masikio alipobisha hodi kwa bibi yake, kinasa sauti cha shule akiwa amekiviringisha ndani ya sweta kisipate vumbi. Nyuma yake Kasuku alikuwa akijaribu sauti. Anakohoa kidogo, anapandisha, anashusha, anajisifia mwenyewe.

Majina hayo waliyapata darasani, na yaliwakaa sawasawa. Masikio alikuwa msichana wa maneno machache, lakini angekaa uwanjani akakwambia bomba la bafuni linavuja. Kasuku alikuwa rafiki yake tangu chekechea, na tangu chekechea hakuwahi kunyamaza. Mwalimu wa historia alipoanzisha podikasti ya shule, juu ya mambo ya kale, utamaduni na maisha ya kila siku, hakupata shida ya kuwagawia kazi. Kasuku aulize, Masikio anase. Walikwishafanya kipindi cha kinyozi na kipindi cha fundi viatu, na shule nzima ilisikiliza, hasa wale wa bweni, ambao huruhusiwa kushika simu Jumapili tu.

Safari hii ilikuwa zamu ya simu za zamani. Bibi huyu, mdogo wake bibi mzaa mama wa Masikio, alikuwa opareta enzi ambazo huwezi kumpigia mtu mpaka mwanamke fulani, aliyeketi mahali fulani, akuunganishe naye. Sasa aliishi katika chumba kimoja uani mwa jengo lile lile la simu. Jengo lilifungwa zamani, ufunguo akaachiwa yeye.

Alikuwa amewaambia waje mchana. Wakachelewa kwa sababu Kasuku alisahau betri. Bibi akaitikia shikamoo zao huku macho yake yakiwa dirishani, akasema basi wafanye haraka, maana habari za kazi ile yeye hazizungumzi giza likiingia. Kasuku akambonyeza mwenzake kwa kiwiko, kama kusema uzee huo.

Masikio akavaa hedifoni, akawasha.

Bibi alianza kwa kusitasita, kisha akafunguka. Akaeleza ubao mpana kama kabati, umejaa matundu, kila tundu nyumba au ofisi ya mtu. Kitaa kikiwaka juu ya tundu unachomeka waya, unauliza anatafutwa nani. Akaeleza walivyokuwa wakijua siri za mji mzima na kuzimeza: nani kakosana na mkwewe, nani anasema yuko kazini wakati anapiga simu kutoka baa. Kasuku alicheka mpaka akajifuta machozi. Bibi naye akaanza kuona raha, akasahau dirisha.

Ndipo Kasuku akatoa swali lake la kufungia, lile analomuuliza kila mtu: siku gani kazini hutaisahau?

Bibi akaligeukia tena dirisha.

Nje hakukuwa tena na rangi yoyote. Hakuna aliyekumbuka kuwasha taa.

"Kulikuwa na tundu moja chini kabisa, pembeni," akasema mwishowe. "Halikuwa na waya kwa nyuma. Fundi alitufungulia ubao tukaona wenyewe. Hakuna kitu. Lakini jua likizama, kitaa chake kinawaka."

Mkubwa wa ofisi aliwakataza kuligusa. Na ikitokea mtu amelichomeka kwa bahati mbaya, asitaje jina lake, hata anayeuliza awe nani. Mwenzao mmoja, waliyemwita Mcheshi, alikuwa ametoka kumzika mama yake. Jioni moja alichomeka waya, akasikiliza, akaanza kulia na kucheka kwa pamoja. Kisha akataja jina lake, kama mtoto anayeitikia nyuma ya mlango. Asubuhi yake hakuwa na sauti. Aliishi miaka mingi baada ya hapo na hakutoa hata mguno. Watu walisema mke wa mkubwa kamroga kwa wivu. Mganga akaletwa, akachoma dawa zake chini ya ubao, akaondoka kabla hazijaisha kuungua, na hakuaga mtu.

"Alirogwa kweli?" Kasuku alinong'ona.

"Sijui, mjukuu wangu. Ninalojua ni kwamba nilikuja kulichomeka na mimi, mara moja tu. Aliyekuwa humo ndani ni Mcheshi. Anacheka. Nikachomoa."

Masikio alikuwa hasikii tena maneno. Nyuma ya sauti ya Bibi kulikuwa na kitu kingine...

Pumzi.

Ilivutwa taratibu, ikatoka taratibu, karibu mno, kama mtu aliyeegemeza shavu kwenye shavu lake. Pakaja harufu ya vumbi linaloungua, kama ya pasi iliyokaa stoo miaka ikawashwa ghafla. Akapunguza sauti ya kinasa. Pumzi haikupungua.

"Nani anaongea?"

Ilikuwa sauti ya Kasuku. Lakini Kasuku alikuwa mbele yake, midomo imefumbwa, anamtazama Bibi.

Masikio alitaka kuzima. Vidole vilikataa. Kasuku akageuka, akaona uso wa mwenzake ulivyosawijika, akadhani mashine imeharibika. Akamvua hedifoni, akazivaa yeye.

Akasikiliza. Akatabasamu.

"Acha utani wako, Masikio, eti mimi nani," akasema. Na kwa madaha yake yote ya utangazaji akataja jina lake, lake na la baba yake.

Bibi aliruka kama msichana. Akazing'oa hedifoni kichwani mwa Kasuku, akazitupa kitandani. "Umemwambia nini? Mtoto wewe, umemwambia nini?"

Asubuhi Masikio alikirudisha kinasa sauti mezani kwa mwalimu, kama kawaida, ndipo akaingia darasani na kukuta kiti cha jirani yake kitupu.

Daktari alimulika koo la Kasuku kwa tochi, akapiga na picha, akasema kila kitu kiko sawa. Lakini Kasuku alilia mdomo wazi, mabega yakimtikisika, bila mlio wowote. Mama yake hakuhitaji picha za daktari. Alikwenda kwa mama Masikio, akasimama getini, akasema mbele ya majirani kwamba ile familia ina kizee mchawi, na sauti ya mwanawe isiporudi atakwenda kuidai mwenyewe. Baadhi ya vijana wa mtaa walimwambia wako tayari kumsindikiza. Mama Masikio alimzuia binti yake asitoke.

Jumapili, jua likizama, Masikio alitoka.

Alimkuta Bibi amekaa kitandani na gauni la kazini, lililopigwa pasi. Ufunguo alikuwa nao mkononi. Akasema alijua angekuja, na kwamba amekuwa akisubiri mtu wa kumchomolea waya, kwa sababu mwenyewe hataweza.

Ndani ya jengo mlinuka popo na karatasi zilizolowa. Ubao ulikuwa umeachwa kwa uzito wake. Umeme ulikatwa zamani, hata swichi zilikuwa zimenyofolewa ukutani.

Chini kabisa, pembeni, kitaa kilikuwa kinawaka.

"Bibi, turudi," Masikio akasema.

"Mcheshi hatukumfuata. Tuliogopa, tukamwacha akazeeka vile." Bibi alikuwa akijiweka sawa kitini, mgongo umenyooka. "Mimi nimeshaongea vya kutosha. Nikikugusa bega, chomoa."

Akavaa vile vya kusikilizia, akapuliza vumbi kwenye waya, akachomeka. Masikio alisikia upande mmoja tu. Kisha Bibi akavuta pumzi kwa mshtuko na machozi yakamtoka; aliyemsikia hakumtaja. "Ndiyo, ni mimi," alisema polepole. "Mwachie yule mtoto. Sauti yake ni changa, haijasema kitu bado. Chukua hii." Akataja jina lake, lile la ujanani, ambalo Masikio hakuwahi kulisikia.

Mkono ukamgusa begani.

Masikio akavuta waya kwa nguvu zake zote. Kitaa kikazima. Gizani akasikia Bibi akifumbua mdomo, mate yakitanuka, ulimi ukigonga meno... na basi. Mkono ukaja ukampapasa shavuni, ukamfuta machozi.

Alikimbia hadi kwa akina Kasuku. Kabla hajafika getini alisikia sauti ile ikimwita mama yake, inataka maji, inataka chakula, inauliza kwa nini watu wote wamejaa sebuleni. Masikio akakaa chini pale pale barabarani, akacheka na kulia kama mwehu.

Jumatatu walikwenda shule wameshikana mikono. Kasuku aliongea njia nzima.

Gwaride la asubuhi, mwalimu wa historia alipanda jukwaani akiwa na furaha isiyofichika. Akawapongeza wote wawili mbele ya shule. Kipindi cha simu alikuwa amekipakia Jumamosi vile vile kilivyo, hakutaka kukata hata neno, na bweni zima lilikisikiliza jana jioni. Mwenyewe hakuwahi kufika mwisho, akasema. Lakini alipita mabwenini akasikia wanafunzi wakiufurahia ule mchezo wa mwishoni, pale msikilizaji anapoulizwa yeye ni nani. Kila kitanda kilikuwa kikitaja jina.

Kasuku alinyamaza.

Mwalimu akainua mikono ili waanze wimbo wa shule. Wa kutwa, upande wa kushoto, wakaimba.

Upande wa kulia, mistari ya wanafunzi wa bweni ilifumbua midomo yote kwa pamoja, bila mlio.