Vidonge Sawa, Damu Tofauti

Chepngetich alisimama mlangoni akimtazama jirani yake, Esnah, akienda zake na mtoto mgongoni. Mtoto huyo hakuwa wa Esnah. Alikuwa Kipngeno, mtoto wa Chepngetich mwenyewe.

Tangu kifafa kimwangushe motoni mwaka wa 1994, Chepngetich alikatazwa kumbeba mwanawe. Esnah pia alikuwa na kifafa. Wote wawili walipewa vidonge vya aina moja, idadi moja. Lakini Esnah alikuwa amemaliza mwaka mzima bila kuanguka. Wivu ulimchoma Chepngetich hata akaacha kumsalimu.

“Wewe humezi dawa, unazitupa,” mume wake Weldon alisema. “Mbona mwenzako haanguki?”

“Basi nipe wewe mwenyewe.”

Kwa miezi miwili Weldon alimpa dawa kila siku, akamtazama akimeza. Hata hivyo, Chepngetich alianguka tena, katikati ya shamba la chai akichuma, kikapu kikiwa mgongoni.

Celine, muuguzi wa zahanati, aliwatuma hospitali Kericho damu ipimwe. Majibu yalipokuja, aliwaita.

“Dawa kwa damu yake ni kidogo,” alisema.

“Lakini mimi ndiye nampa!” Weldon alishangaa.

“Nakuamini. Watu wawili wanaweza kumeza sawasawa, mmoja akawa na dawa ya kutosha kwa damu, mwingine kidogo. Miili si sawa. Hata kwa mtu mmoja, dawa hupanda na kushuka. Mama, kuna dawa nyingine unatumia?”

“Ile ya kiungulia. Nameza zote pamoja.”

“Hiyo inaweza kuzuia ya kifafa isiingie vizuri. Zitenganishe kwa saa mbili au tatu.”

“Na nikijiongezea kidonge, nimfikie Esnah?”

“Usithubutu! Ikizidi utapepesuka kama mlevi. Daktari ndiye atabadilisha, kisha tupime tena.”

Njiani Weldon alisema polepole, “Mama Kipngeno, nilikukosea.”

Daktari aliongeza dawa kidogo. Damu ikapimwa tena, ikawa nzuri. Miezi minane ilipita bila Chepngetich kuanguka, naye akaruhusiwa kumbeba mwanawe.

Siku hiyo alienda kwa Esnah, mtoto mgongoni. “Nilikuonea wivu sana,” alisema.

Esnah alicheka mpaka akafuta machozi. “Mimi daktari alinibadilishia dawa mara tatu kabla ya kutulia. Ungeniuliza tu! Ingia, chai iko tayari.”