Ng'ombe wa Biringani

Benchi lilikuwa limelowa, na mvua ilikuwa haijanyesha tangu nyenje waanze kelele zao.

Shigezo alilifuta. Alipogeuka kuchukua birika, limelowa tena: duara moja tu, saizi ya makalio ya mtu mmoja.

“Nobue! Kuna mteja kajikojolea kaondoka!”

“Atakuwa kaonja chai yako,” mkewe alijibu kutoka jikoni.

Ndivyo walivyokuwa wale wawili, na ndiyo maana watu waliotoka kazini wakija kunyoosha miguu kando ya mto, chini ya miti ya micheri, walipenda kupumzika kwenye duka lao la chai. Chai yenyewe ya kawaida, madonge ya mchele ya kawaida. Kilichowaleta ni matusi ya mke na mume. Shigezo alikuwa na uwezo wa kumchekesha hata aliyetoka kuzika.

Kosa lake ni kuwafanyia mzaha hata wafu.

Siku za Bon, ambazo wafu hurudi kutembelea nyumbani kila mwaka, zilikuwa zimekwisha juzi. Mtaa mzima ulikuwa umewasha moto milangoni kuwakaribisha marehemu, kila nyumba na vipando vyake viwili: farasi wa tango, wafike upesi, ng'ombe wa biringani mwenye miguu ya vijiti, warudi polepole wakiwa wameshiba. Shigezo, mvivu wa kuzunguka, aliuwasha wake mlango wa dukani, ule unaotazama mto. Na jioni ya kuagana Nobue alimkuta kamchoma ng'ombe, kampasua, kampaka miso tamu, ule uji mzito wa soya, anamteremsha kwa pombe ya sake.

“Umemla ng'ombe wa mama yako!”

“Mama alikuwa na miguu mizuri. Atatembea.”

Mama huenda alitembea. Lakini mto ule umemeza wengi wasio na ndugu wa kuwawashia kitu, na mpweke akiuona moto hudhani kaitwa yeye.

Kutoka kwenye benchi lile duara lilihamia kizingitini. Kutoka kizingitini likaingia kwenye mkeka wa chumbani, upande wa Nobue. Nyumba ikanuka tope, na ndani ya tope harufu ya biringani la kuchoma.

“Mgongo, baba,” Nobue alinong'ona asubuhi moja. “Kama nimebeba gunia la mchele lililolowa.”

Shigezo alifungua mdomo atoe mzaha. Akaona nywele za mkewe zinadondosha maji.

Mtawa wa hekaluni alikuja mchana ule ule. Alichoma udi, ukazimika kwa kulowa. Alianza sala, akakwama.

“Aliyewaingilia hana jina,” alisema kwa sauti ya chini. “Nimuage vipi mtu asiye na jina? Ng'ombe wake yuko wapi?”

Shigezo alijigusa tumbo. Kwa mara ya kwanza maishani mwake, hakuna aliyecheka.

“Basi nitengeneze mwingine, mheshimiwa. Hata wawili!”

“Njia imefungwa mpaka Bon ijayo. Nje ya siku zake, ng'ombe huyo ni mboga tu.”

“Na mke wangu?”

Mtawa alitazama mto. “Mgeni asiye na kipando hutafuta mgongo. Mgongo wa mama huyu hautafika mwaka.”

Jioni, saa ambayo wapita njia ni wengi na watoto wanalilia madonge, Shigezo alitoka na sinia akamwona Nobue akiteremka ngazi za mawe kwa magoti na viganja, polepole, kama mnyama anayeijua njia ya malishoni, na watu wakimpisha kwa adabu wakidhani anatafuta hereni, na mgongo wake umebonyea katikati ingawa juu yake hapakuwa na kitu, na maji yakimtiririka pande zote mbili za mbavu, na uso wake, alipougeuza kumtazama mumewe, ulikuwa unajua kila kitu, lakini mwili haukuweza kusimama.

Shigezo alitupa sinia. Alipiga magoti mbele yake, ngazi ya mwisho, maji mpaka mapajani.

“Shuka,” alinong'ona. “Tafadhali, bwana mkubwa. Mlaji wa ng'ombe wako ni mimi. Nipande mimi.”

Baridi ilimkalia shingoni. Magoti mawili yakambana mbavu.

Nobue alisimama, mwepesi, akalia.

Mwaka mzima Shigezo alitembea kando ya mto amepinda kama mundu, akiacha njia ya maji nyuma yake. Wateja walimpigia makofi. “Mzee kaja na kichekesho kipya!” Naye aliinama zaidi, kwa kuwa kunyooka hakuweza, nao wakazidi kucheka.

Bon ilipofika, Nobue alichagua biringani kubwa kuliko yote sokoni. Alilichongea miguu, akaliweka mlangoni, akawasha moto wa kuagana.

“Panda, mgeni wetu,” alisihi. “Safari njema. Tusamehe.”

Walijifungia ndani, wameshikana mikono. Alfajiri wakanusa miso tamu.

Mlangoni palikuwa na vijiti vinne tu, vimelambwa vikawa safi, vimepangwa sambamba kama anavyopanga mtu aliyelelewa vizuri.

“Kaenda?” Nobue alinong'ona. “Baba, kaenda?”

Shigezo alijaribu kunyooka. Mgongoni kwake, mtu alicheua.