Mguu wa Mama Albertine

Ndugu zangu wa mtaa wetu wa Katuba, na ninyi wengine mtakaosoma haya mkiwa mbali nasi, nisikilizeni kidogo. Haya yalitokea katika nyumba ya jirani yangu. Ukuta wa matofali unaotutenganisha ni mfupi, hata chumvi tunaombana kwa juu yake. Kwa hiyo sikuhadithiwa na mtu. Niliona na kusikia.

Ilikuwa asubuhi ya Jumamosi, wakati wa mvua. Mama Albertine alikuwa ameketi uani akichambua maharagwe aliyoyaleta kutoka Mokambo, kule mpakani na Zambia. Baba yake alikuwa mtu wa reli, alitoka kaskazini ya Katanga kufuata kazi, na binti huyu alirithi kupenda safari. Tangu afiwe na mume alisafiri Mokambo kila mara, akarudi na maharagwe na bunga, yaani unga, akauza, akacheka, akaondoka tena. Nywele zilikuwa zimeanza kuwa nyeupe lakini mwendo wake ulikuwa wa msichana. Binti yake Dorcelle alikuwa akiwasha mbabula, lile jiko letu la makaa. Redio iliimba nyimbo za kanisani. Wote wawili waliimba pamoja nayo, mama kwa sauti ya juu, binti kwa sauti ya chini.

Mama Albertine akainuka kwenda bombani. Sementi ya pale ilikuwa na maji ya sabuni. Aliteleza, akaanguka upande.

Hakupiga kelele. Nilipofika nilimkuta amelala anatazama mbingu, akasema polepole, kama mtu aliyepoteza kitu sokoni: "Dorcelle, siyue muguu yangu iko wapi."

Hospitalini walisema mfupa wa paja umevunjika pale unapoingia kwenye nyonga. Daktari Kambale, mpasuaji, alitoa kichwa cha mfupa kilichovunjika, akaweka cha chuma mahali pake. Upasuaji ulienda vizuri. Nawaomba mlikumbuke neno hilo, kwa sababu baadaye watu wengi walitaka kumtupia lawama daktari.

Siku ya kutoka, yule anayefundisha wagonjwa kutembea upya, ambaye hapa kwetu tunamwita kiné, aliketi kando ya kitanda na kueleza yote. Vital, mtoto wa kwanza wa Mama Albertine, anayefanya kazi katika ofisi moja mjini, alikuwa dirishani akiongea na simu. Dorcelle alikuwa akikunja vitenge na kupanga vikombe ndani ya beseni. Mama mwenyewe alikuwa bado amelewa dawa, akaitikia kwa kichwa kila neno, hata maneno asiyoyasikia. Mwishoni kiné akauliza, "Mumesikia?"

Wote wakajibu, "Ndiyo."

Msomaji wangu, ni "ndiyo" hiyo iliyoleta taabu yote.

Walipofika nyumbani, mama hata hajalala vizuri kitandani, ugomvi ukaanza.

"Mama, usishuke mu kitanda," alisema Vital. "Kiné alisema attention, hapana kuinama, hapana kukunja muguu. Donc repos. Apumzike tu!"

"Yaya, hapana," Dorcelle akamjibu kaka yake. "Alisema atembee kila siku. Nilisikia na hii masikio yangu."

"Ulisikia saa gani? Ulikuwa unafunga bintu."

"Na weye ulikuwa ku téléphone!"

Mama Albertine alimtazama huyu, akamtazama yule. Kisha akafumba macho.

Tangu siku hiyo alikuwa na wakubwa wawili ndani ya nyumba yake mwenyewe. Vital akiwepo, alilala chali bila kusogea mpaka mgongo ukawaka moto. Vital akienda kazini, Dorcelle alimwinua, akampa magongo, wakazunguka uani. Baada ya kuzunguka, ili mama apumzike, Dorcelle alimketisha juu ya kile kiti kifupi cha mpishi, karibu na mbabula, apate joto. Magoti yalimfika kifuani. Pikipiki ya Vital ikisikika barabarani, mama alirudishwa kitandani haraka na shuka likanyooshwa. Na maskini alikubali yote. Alisema afadhali mguu umuume kuliko watoto wagombane.

Siku moja nilimpelekea bukari, ndio ugali wetu, na matembele. Nilimkuta peke yake, ameushika mguu ule kwa mikono miwili kama mzigo aliowekewa na mtu asiyemfahamu.

"Mama Syntiche," aliniambia, kwa maana hivyo ndivyo ninavyoitwa kwa jina la binti yangu, "hii muguu inanishangaza. Nikisimama, minaona iko murefu kupita ule mwingine. Njo namna gani? Banitia ya muntu mwingine?"

"Hapana, mama. Ni ya kwako."

"Na maumivu? Kuko maumivu ya asubuhi na kuko ya magaribi. Ingine ni ya kupona, ingine pengine ni ya kuharibika. Miye siyue kutofautisha. Vital anasema ikiuma, ni juu nilitembea. Dorcelle anasema ikiuma, ni juu nililala. Sasa nifanye nini?"

"Uliza dokotere."

"Numéro ya dokotere iko na Vital. Anasema dokotere iko na kazi mingi, tusimusumbue."

Nilirudi nyumbani na sahani yangu, na nawaambia kweli, kichwa changu pia kilikuwa kimevurugika. Vital alikuwa akimpenda mama yake. Dorcelle alikuwa akimpenda mama yake. Nilitafuta mwenye kosa sikumpata, na huku mguu ulizidi kuvimba.

Ndipo akaja Tantine Céline, dada wa marehemu mume wa Mama Albertine. Mnamjua mtu wa namna hiyo, kila ukoo una wake. Akiingia, hata viti vinajipanga. Aliufunua mguu, akaubonyeza kwa kidole, akatikisa kichwa.

"Damu imelala humu," alisema. "Na muguu imerefuka juu balifunga mubaya. Inaomba kukandwa na kurudishwa. Nitamuleta Papa Symphorien."

Symphorien ni mzee anayenyoosha vifundo vya wacheza mpira, na wengi mtaani wanamshukuru. Dorcelle alijaribu kusema, "Tantine, tuulize kwanza ku lopitali."

"Weye mutoto wa jana, utanifundisha miye? Nilimuzika kaka yangu, nitashindwa kutunza bibi yake?"

Wote wakamgeukia mgonjwa. Mama Albertine akasema: "Fanyeni munavyotaka. Nimechoka kusikia."

Alipoletwa, Vital akiwa kazini, Symphorien alianza kwa upole, kwa mafuta na maji ya moto, na kweli mgonjwa alipumua vizuri. Kisha akaukunja mguu mpaka goti likaelekea tumboni, akaugeuza kwa ndani, kama alivyozoea kufanya kwa vijana wa uwanjani.

Mlio ule niliusikia nikiwa jikoni kwangu. Ulifuatwa na kilio ambacho sikuwahi kukisikia kwa mwanamke yule, hata siku alipofiwa. Nilipovuka, mguu ulikuwa umefupika na wayo umetazama ndani. Symphorien alikuwa amerudi nyuma mpaka ukutani.

"Kuko nini mu hii muguu?" aliuliza. "Mama Céline, kuko nini humu?"

"Balitia chuma," Dorcelle alisema akilia.

"Chuma? Na hakuna muntu aliniambia?"

Hakuna aliyemwambia. Tantine Céline alidhani mzee ameona kovu na kuelewa. Dorcelle alidhani Tantine amemweleza.

Hospitalini, Daktari Kambale alimlaza mgonjwa kwa dawa ya usingizi na kuirudisha nyonga mahali pake. Mama Albertine alipoamka vizuri, daktari aliwaita wote kuzunguka kitanda. Mimi nami nilikuwepo, nimeshika beseni.

"Vital, ulisikia nini siku ile?"

"Kwamba asikunje muguu, asiiname."

"Ni kweli. Na wewe Dorcelle?"

"Kwamba atembee kila siku."

"Nayo ni kweli. Mulisikia kweli nyinyi wawili, lakini kila mutu alibeba kipande na kusema ni yote." Daktari alivuta kiti, akaketi. "Atembee kila siku na magongo, na aukanyage mguu. Asipotembea, nyama zinalegea na damu inaganda. Lakini asiketi chini, asikae ku kiti kifupi, asipandishe mguu juu ya mwenzake, asiugeuze ndani. Kiti kiwe kirefu, kitanda kirefu, na ku choo pia mumuwekee kiti. Nani kati yenu alinipigia simu kuniuliza?"

Vital alitazama viatu vyake. Tantine Céline alikuwa akifungua na kufunga mkoba wake.

"Na sisi huku tulikosea," daktari aliendelea. "Kuuliza 'mumesikia?' haitoshi. Tulipaswa kuwaambia muturudilie maneno." Kisha akawapa mgongo wote, akamgeukia aliyelala. "Mama, mguu ni wako. Niulize wewe mwenyewe."

Mama Albertine alimtazama Vital, kwa mazoea, kama kuomba ruhusa. Vital alitikisa kichwa kukubali, macho yamejaa machozi. Ndipo mama akauliza. Aliuliza kama kile chuma kinaweza kushika kutu. Aliuliza juu ya maumivu ya asubuhi na ya magaribi. Aliuliza kwa nini mguu ni mrefu. Daktari aliipima miguu yote miwili mbele yake, akamwonyesha kwamba inalingana, akamweleza kuwa nyama za nyonga zikiwa dhaifu mtu huhisi hivyo, na kwamba kwa kutembea hisia ile itapungua. Mama aliuliza tena swali lile lile, na daktari akajibu tena bila kukasirika.

"Sasa unirudilie," daktari alisema.

Akamrudilia, kwa kusitasita, neno baada ya neno. Alipokosea, daktari alimsahihisha, na mama akaanza upya.

Msidhani mambo yalinyooka siku ile ile. Mguu uliotoka mahali pake ulikuwa umedhoofika zaidi, na mama alishikwa na woga mpya. Kila hatua alisimama kusikiliza kama kitu kitatoka. Kuna siku alilia uani kwa sababu jana alitembea vizuri na leo hakuweza, wala hakujua kwa nini. Lakini sasa alikuwa na namba ya hospitali ndani ya simu yake mwenyewe, na alipochanganyikiwa alipiga. Vital alimwita seremala, akainua kitanda na kutengeneza kiti kirefu. Dorcelle alikitoa kile kiti kifupi uani, akakigawa. Tantine Céline alikuja na kuku, akasema, "Albertine, unisamehe. Nilizani minayua." Papa Symphorien naye akimkuta mgonjwa huanza na swali kabla ya kumgusa.

Mama Albertine alifika kwenye lango la uani. Baadaye akafika parokiani kwa magongo. Baadaye tena, kwa gongo moja. Kuchechemea hakujaisha, na daktari amemwambia wazi kwamba pengine hakutaisha. Hiyo ndiyo bei ya ile siku ya mafuta na maji ya moto.

Wakati wa kiangazi alitangaza kuwa anarudi Mokambo. Vital alifungua mdomo kukataza, nikamwona anajizuia.

"Mama, dokotere alisema nini?"

"Alisema niende. Nisibebe mizigo, na njiani nishuke ninyooshe muguu."

"Basi, enda, mama."

Tuliondoka naye pamoja. Kule sokoni wauzaji walimzunguka, wakamshika mikono, wakaimba jina lake. Na mara, kama mnavyotujua sisi watu, ushauri ukaanza. Mmoja akasema asitembee tena, mwingine akasema atupe gongo litamfanya mvivu, wa tatu akachomoa chupa ya mafuta kutoka ng'ambo na kusema ukipaka usiku, asubuhi unakimbia. Wote walisema pamoja, na wote kwa upendo. Mimi niliogopa. Nilimtazama usoni nikitafuta ule mkanganyiko wa zamani.

Mama Albertine aliichukua chupa, akainusa, akamrudishia mwenyewe kwa mikono miwili.

"Asante, mama," alisema. "Nitauliza kwanza."

Kisha akageukia magunia, akatia mkono ndani ya maharagwe, akaanza kubishana bei.

Fundisho

Ndugu zangu, nyumba ile haikukosa upendo. Ilikosa mtu wa kusema "sijui, ngoja niulize." Mgonjwa wenu akitolewa hospitalini, zimeni simu, wekeni chini mabeseni, sikilizeni mpaka mwisho, kisha mrudilie mlichoambiwa mbele ya aliyewaambia. Msimgawanye mgonjwa kati ya wakubwa wanaoshindana. Msimlete mtu kumkanda yule aliyepasuliwa bila ruhusa ya waliompasua, hata kama ni fundi mwema. Na mgonjwa mwenyewe, awe mama au baba, mzee au kijana, asinyamaze ili kuleta amani ya nyumbani. Kukaa kitandani sio lazima kukuondolee sauti. Mguu ukiharibika, wenye ushauri wote watarudi makwao wakitembea vizuri, na utakayebaki unachechemea ni wewe. Kwa hiyo uliza, na usipoelewa uliza tena.